Hapana Baada ya Ndiyo Nyingi

Tarehe 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama kanikataza kukupigia simu. Anasema kila tukizungumza unanigombeza kwa jambo ambalo sikulisema, kisha unakata. Basi nakuandikia, uone kama utapata pa kusingizia kwamba hukusikia.

Umeuliza nafanya kazi gani hasa, maana majirani wakikuuliza unawajibu "kompyuta kompyuta hivi". Haya, chukua miwani. Ndani ya makabati ya mitambo kuna kadi zimesimamishwa kama vitabu rafuni, na kadi hii inataka kuongea na ile. Inaongea kwa maneno mawili tu, ndiyo na hapana, lakini inayasema mara bilioni kumi kwa sekunde, yakifuatana foleni kwenye njia moja ya shaba nyembamba kama unywele. Mimi nabuni saketi inayorusha hayo maneno. Yaani natengeneza mdomo. Sikio wanatengeneza wengine.

Adui yetu ni shaba. Wewe enzi zako za ufundi wa simu umelala na shaba na kuamka nayo, unaijua ilivyo na roho mbaya. Njia ikiwa fupi, urefu wa kidole, kila neno linafika. Ikiwa ndefu, urefu wa mkono mzima, inameza vyote vinavyobadilika haraka. Zikipita ndiyo tano mfululizo, halafu ikaja hapana moja, hiyo hapana haifiki. Shaba bado imejaa ndiyo. Hapana inainua kichwa kidogo tu, ndiyo nyingine zinakuja kuikanyaga.

Dawa yake nimeitengeneza miezi minane. Nimeufundisha mdomo hivi: neno likibadilika, litamke kwa nguvu palepale mwanzo, likirudiwa, shusha sauti. Tunapima kwa kupandanisha mawimbi yote kwenye skrini hadi katikati ibaki nafasi yenye umbo la jicho. Jicho likiwa wazi, data inasomeka. Likifumba, kwisha habari. Sasa jicho la saketi yangu, ukilipimia mdomoni, ni la kutisha, mistari imevurugika juu na chini. Ukilipimia mwisho wa shaba, baada ya njia kula ilichokula, limefumbuka vizuri kabisa.

Mhandisi Mkuu wetu, tunayemwita Pasi kwa sababu mkunjo wa suruali yake unaweza kukata mkate, alilitazama mdomoni mbele ya watu kumi na mmoja akasema, "Hili jicho lina chongo. Zimeni huo mkogo wake, ongezeni volti." Ongezeni volti! Yaani pigeni kelele zaidi. Na anataka nisaini fomu ya vipimo tarehe 2 Aprili kwamba kadi iko tayari. Kadi zenyewe zinakwenda kwa watu wa reli, zibebe picha za kamera za pale barabara inapokata reli, hadi chumba cha kuongozea treni. Kabati lao lina njia ya urefu wa mkono. Sisi mezani tunapima kwa njia ya urefu wa kidole.

Sisaini, mjomba. Nimekwisha sema.

Mpwa wako,
Kiherehere


Tarehe 12 Machi

Mpwa wangu Kiherehere,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza bila miwani, kwa hiyo hesabu mbili.

Ulidhani sitaelewa. Nimeelewa kuliko huyo Pasi. Daktari ameniambia sauti za chini bado nazisikia, za juu zimekufa. Basi kila mtu ananipigia kelele. Kinyozi wangu anapaza sauti mpaka wateja wanageuka kwenye viti, na mimi nasikia kelele, neno sisikii. Nikimwambia sijaelewa, anaongeza. Nimeshamwambia akiongeza tena nitanyolewa kwingine. Lakini chini ya nyumba yetu hapa kuna fundi wa kushona, Mama Cherehani. Yeye hapigi kelele. Anauma mwanzo wa kila neno kama anavyouma uzi, halafu anaendelea kawaida. Mtu akimwona usoni wakati huo atadhani tunagombana. Nasikia kila kitu, hata nisiyotaka kusikia. Kifaa cha masikioni sikitaki, msianze.

Kwa hiyo Pasi wako ni kinyozi wangu. Hapo umeshinda.

Na jambo jingine. Sisi mafundi wa simu tulikuwa na fomu yenye mistari miwili ya saini. Mmoja wa fundi aliyebaki kituoni, tuliuita mstari wa mdomo. Wa pili wa fundi aliyetembea hadi mwisho wa waya na kusikiliza, huo ni mstari wa sikio. Bila saini mbili, laini haifunguliwi. Waya ulikuwa hauaminiwi kwa neno la upande mmoja.

Lakini sikiliza, mwanangu. Saini ni wino. Kazi hiyo umeipata kwa jasho, na maabara za namna hiyo hazijajaa kila mtaa. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Saini, Pasi afurahi, na kesho utaunda nyingine. Usinijibu kwa hasira.

Mjomba wako,
Fundi Nguzo


Tarehe 21 Machi

Mjomba,

Shikamoo, ingawa leo imetoka kwa shida.

Nakujibu kwa hasira. Wewe ndiye wa kuniambia nibusu mkono? Wewe uliyetukalisha sebuleni mimi na ndugu zangu, ukatusimulia ulivyoacha kazi ya simu kwa sababu ulikataa kutia saini upuuzi? Nilikuwa na miaka tisa. Nilikwenda shule kesho yake nikakataa kusaini daftari la zamu, nikachapwa, na nilifurahi! Sasa saini imekuwa wino?

Sibusu mkono wa mtu. Tena ule una manukato mpaka kwenye vipande vya saketi.

Nilipeleka hoja ya Mama Cherehani kwenye kikao. Niliwaambia kuna tofauti kati ya kupaza sauti na kutamka. Walicheka. Mmoja akauliza kama nimekuja na cherehani yangu. Nikaomba saa moja tu, tupimie kwenye ubao mrefu kama wa kabati la reli. Pasi akanyanyua fomu: "Fomu inasema kipimo ni upande wa kurushia. Tunafuata fomu." Fomu hiyo, mjomba, kaiandika mwenyewe.

Basi asante kwa mistari miwili. Utasikia nimeitumia wapi. Maana kama ni fomu wanataka, nitawapa fomu.

Na hebu niambie, una suruali ngapi za kukunja pindo, mpaka umejua Mama Cherehani anauma uzi namna gani?

Mpwa wako,
Kiherehere


Tarehe 3 Aprili

Kwa: Mbunifu wa Saketi za Kurushia

YAH: KUHARIBU FOMU YA VIPIMO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jana tarehe 2 Aprili ulikabidhiwa fomu ya vipimo ya kadi ya reli ili uitie saini. Uliitia saini. Baada ya hapo, mbele ya mashahidi, ulichukua rula na kalamu ya bluu ukachora mstari mwingine chini ya saini yako na kuandika: "Imepimwa mdomoni. Sikioni haijapimwa. Mpimaji wa upande wa pili:" na kuacha nafasi wazi.

Fomu yetu haina mstari huo na haijawahi kuwa nao. Kitendo hicho kimeitia idara aibu.

Unatakiwa kusaini fomu safi kabla ya Ijumaa. Kuanzia leo unahamishiwa stoo kwa kazi ya kupanga vipuri vya rezista na kufunga mizigo, hadi hapo utakapoelekezwa vinginevyo.

Mhandisi Mkuu


Tarehe 4 Aprili

Mhandisi Mkuu,

HAPANA. Nimeiandika kwa herufi kubwa mwanzoni ili ifike, kwa sababu naona hapa ndani zimetangulia ndiyo nyingi sana. Mengine nayasema kwa sauti ya kawaida: kipimo nilichofanya ni cha kweli, nimekisaini, na pale kilipoishia ndipo nilipochora mstari. Fomu safi sitaisaini Ijumaa wala Ijumaa nyingine.

Stoo nimefika. Rezista ziko salama.

Mbunifu wa Saketi za Kurushia


Tarehe 15 Aprili

Mpwa wangu,

Nakala ulizonitumia nimezipata, barua ya bosi na jibu lako. Nilicheka mpaka Mama Cherehani akapanda ngazi kuja kuuliza kama naumwa. Nikamsomea. Yeye hakucheka. Alinitazama akasema, "Na wewe, mzee? Hapana yako uliiweka wapi?" Nakujibu wewe.

Nilikudanganya. Niliwadanganya nyote pale sebuleni.

Kulikuwa na laini ya zahanati moja juu mlimani, mwendo wa saa sita kwa miguu kutoka kituoni kwetu. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa na harusi ya dada yake, na mvua ilikuwa inamwagika. Nikaipimia kituoni. Ililia safi kabisa. Nikasaini mstari wa mdomo kwa kalamu nyeusi. Halafu nikachukua ya bluu, nikasaini mstari wa sikio kwa mkono wa kushoto, jina la mwenzangu. Laini ikafunguliwa siku ileile, na mkubwa wetu akanisifu kwa kuwahi.

Wiki tatu baadaye mkunga wa zahanati alipiga kuomba gari la kumpeleka hospitali mama aliyeshindwa kujifungua. Kule juu maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo cha waya tangu siku ya kwanza. Kituoni walisikia mvumo, wakadhani ni radi, wakakata. Alipiga mara sita. Mwisho akawabebesha watu machela, wakateremka kwa miguu. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hakuna aliyeniuliza kitu, maana fomu ilikuwa na saini mbili. Hapo ndipo nilipoacha kazi. Sikukataa kusaini, Kiherehere. Nilisaini mara mbili. Miaka thelathini na moja hii.

Unataka kujua kwa nini nilikwambia usaini? Nimekaa na swali hilo siku tatu. Nilitaka uwe kama mimi, ili nisiwe peke yangu. Ni aibu kuiandika lakini ndiyo hiyo.

Sasa nakwambia vingine. Usisaini. Mama yako akilia, mwache alie, nitakuja kumbembeleza mimi. Wakikufukuza njoo ukae hapa, chumba cha nyuma kinavuja kona moja tu.

Mjomba wako


Tarehe 28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa juu ya kasha. Nilikukasirikia, na bado nimekukasirikia. Nililia pia, siyo kwa ajili yako, kwa ajili ya yule mama aliyeteremka mlima. Nimejaribu kuandika barua hii mara nne. Mtu niliyemwiga maisha yangu yote hakuwepo, nimejiiga mwenyewe tu. Haya, basi ninaye mwalimu mbishi, ndiye mimi.

Nikupe habari. Pasi aliona sisaini, akatengeneza fomu safi akaisaini mwenyewe. Kadi ya kwanza ikaletwa stoo ifungwe iende kwa watu wa reli. Na nani anafunga mizigo? Aliponileta huku kuniadhibu alisahau kwamba kila kitu kinachotoka kwenye jengo hili kinapitia mlango huu. Na juu ya mlango kuna kanuni za stoo, zimebandikwa na saini yake chini. Kanuni ya tisa: "Karatasi zote za kipimo, pamoja na zilizoharibika, zisafiri na kadi yake." Nilimwonyesha mzee wa stoo. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, akasema, "Kanuni ni kanuni, binti." Tukafunga fomu zote mbili, ya Pasi safi na yangu yenye mstari. Sikuficha kitu, na kwenye orodha ya mzigo nimeandika: fomu mbili.

Kadi yenyewe ina swichi yangu ndogo pembeni, ya kuwasha na kuzima ule utamkaji wa nguvu. Pasi aliizima lakini hakuing'oa. Neno "sisitiza" nililoliandika kwa kalamu kando yake bado lipo.

Mzigo umeondoka jana. Mama anajua. Amelia kidogo, kisha akaniuliza kama stoo kuna baridi.

Mpwa wako,
Kiherehere


Tarehe 14 Mei

Kwa aliyesaini mstari wa kwanza,

Habari za kazi. Hatufahamiani. Mimi ni fundi wa chumba cha mitambo, upande wa reli. Nina miaka kumi na moja napokea kadi za watu, na siku zote zinakuja na karatasi inayosema kila kitu ni kizuri. Hakuna aliyewahi kuniachia mahali pa kusaini. Nilipoiona nafasi hiyo tupu nilimwita mwenzangu aje aitazame.

Nikasema basi, mtu ameniuliza, nimjibu. Nilichomeka kadi yenu kwenye nafasi ya mwisho kabisa ya kabati, ile ya mbali, nikapima sikioni. Jicho limefumba. Picha ya kamera ilikuja vipande vipande, na lori lililokuwa limesimama juu ya reli sikuliona mpaka lilipokwisha kuondoka. Lilikuwa letu la majaribio, tulia. Lakini nilitokwa na jasho.

Halafu nikaona swichi imeandikwa "sisitiza". Nikaiwasha. Jicho likafumbuka, na nililiacha hivyo siku mbili, mchana wa joto na alfajiri ya baridi, halikufumba tena.

Nimejaza mstari wako. Nimeandika vipimo vyote viwili, cha kabla na cha baada. Wakubwa wangu wamemwandikia mkubwa wako: kadi zenye swichi iliyowashwa tunapokea, zilizozimwa tunarudisha kwa gharama zenu.

Mwakani ukichora mstari, uchore mrefu kidogo. Jina langu halikuenea.

Mpimaji wa Upande wa Pili


Tarehe 20 Mei

Mjomba,

Shikamoo! Nimekuwekea nakala ya barua ya mtu wa reli. Isome na miwani mara ya kwanza.

Pasi aliniita. Suruali ilikuwa na mikunjo, mjomba, mikunjo miwili kwenye goti moja. Akasema, "Tulikuwa tunawaza hivyo tangu mwanzo." Nikasema, "Sawa." Akasema nirudi maabara. Nikasema nitarudi siku fomu itakapochapwa ina mistari miwili, kwa kadi zote, siyo hii tu. Akasema haiwezekani. Nikarudi stoo kupanga rezista. Siku tatu. Ya nne, mzee wa stoo alinipokea na kasha kutoka kwa mchapaji. Mstari wa pili wameuchapa kwa herufi ndogo utadhani wanaona haya, lakini upo.

Nimekutumia fomu moja katika hizo. Hii siyo zawadi. Nimesaini mara kumi kichwani mwangu kwamba nimekusamehe, na kila mara naona nimepimia mdomoni tu. Mimi siko upande wa kupokelea wa jambo hili, na wewe pia hauko. Yuko aliyepiga mara sita. Kama bado yu hai, unajua njia, na mara hii usitumie mkono wa kushoto.

Mpwa wako,
Kiherehere


Tarehe 11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Uliniudhi sana na ile fomu. Niliitupa kabatini. Siku ya tatu nikaitoa, nikamwonyesha Mama Cherehani. Akafunga duka.

Gari linafika hadi mguu wa mlima tu, pale kilipokuwa kituo chetu. Kwingine tulitembea, mimi na magoti yangu na yeye na viatu visivyofaa, ananisema njia nzima. Ni mwendo wa saa nne tu. Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba ni sita.

Mkunga yupo. Amestaafu, anakaa nyumba ya pili kutoka zahanati. Nilimwambia mimi ni nani na nilifanya nini, kalamu nyeusi na kalamu ya bluu, yote. Nilisema mwenyewe, sikumwachia Mama Cherehani. Mkunga alisogeza kigoda chake karibu, akanitazama usoni. Kisha akafungua mdomo, na hili nililisikia bila msaada wa mtu:

"Mara sita nilipiga."

Nikamwambia najua. Akasema miaka yote alidhani yeye ndiye aliyekosea namba. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba. Aliniuliza karatasi niliyoishika ni ya nini. Nikamweleza. Nikasaini mstari wa kwanza mbele yake, mkono wa kulia. Akaniomba kalamu. Akafikiri, akaandika, akanirudishia, akaingia ndani, na mlango akauacha wazi.

Wiki ijayo nakwenda kupimwa hicho kifaa cha masikioni. Usimwambie mama yako kwamba ameshinda.

Fomu yako hii hapa nairudisha.

Upande wa kurushia: Fundi Nguzo. Nilipimia kituoni, nikasema uongo.

Upande wa kupokelea: Imefika leo. Mkunga.